Mnunuzi Hashiki Mizani: Nani Akague Kinu cha Nyuklia Serikali Ikitaka Haraka

Hotuba kwa madiwani, viongozi wa vyama vya msingi na wananchi, Mtwara

Waheshimiwa madiwani, wazee wetu, viongozi wa vyama vya msingi, walimu, wavuvi mliotoka Msimbati na Naumbu, vijana: nawashukuru kwa kuja.

Nianzie ghalani. Msimu wa korosho ukifunguliwa, mkulima anafikisha gunia lake chama cha msingi cha ushirika. Linapimwa, sampuli inachukuliwa, unyevu unaangaliwa, korosho chache zinakatwa kutazama kokwa, mzigo unapewa daraja, kisha mwenye mali anapewa stakabadhi yake. Mnunuzi yeye anasubiri mnada. Inawezekana ana meli bandarini inayomla pesa kila siku, na anapiga simu asubuhi na jioni kuuliza mzigo umefikia wapi. Ana haki ya kuuliza. Lakini mizani haishiki yeye. Na kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, tunaipiga vita kwa sababu hiyohiyo: pale anayenunua ndiye anayepima, na kipimo ni chake.

Jambo nililoitiwa kulizungumza leo ni hilohilo, ila gunia limekuwa kinu cha nyuklia na mnunuzi mwenye haraka amekuwa serikali.

Tarehe 23 Mei 2025, Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia saini amri nne za nyuklia kwa siku moja. Lengo lililotajwa ni kupandisha uwezo wa umeme wa nyuklia wa nchi ile kutoka gigawati 100 hivi mwaka 2024 hadi gigawati 400 ifikapo 2050. Ili lengo hilo lifikiwe, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani iliagizwa iandike upya kanuni zake, na iweke ukomo wa miezi 18 wa kutoa uamuzi wa mwisho juu ya maombi ya kujenga na kuendesha kinu kipya cha aina yoyote. Kinu cha zamani kinachoomba kuongezewa muda kiwekewe ukomo wa miezi 12. Amri nyingine iliipa Wizara ya Nishati kazi ya kuidhinisha vinu vya majaribio nje ya maabara za taifa, kwa lengo la angalau vitatu kuwashwa kabla ya 4 Julai 2026, siku ambayo nchi ile inatimiza miaka 250. Angalieni hiyo tarehe. Imetoka kwenye kalenda ya sherehe, haikutoka kwenye hesabu ya mhandisi.

Sasa niwe mkweli, maana hotuba ya upande mmoja haiwafai. Mdhibiti anaweza kuchelewesha bila sababu. Kule Marekani mwombaji analipia saa za wakaguzi, mamia ya dola kwa saa, na maombi yakikaa miaka minne mezani bili inakuwa nzito hata kabla ya koleo la kwanza kugusa udongo. Bunge lao lililiona hilo. Mwaka 2024 lilipitisha sheria iitwayo ADVANCE, kwa kura za vyama vyote viwili, ikapunguza ada kwa vinu vya kizazi kipya na kuitaka Tume ipange kazi yake upya. Rais Biden akaitia saini Julai mwaka huo. Kwa hiyo kuharakisha kwenyewe hakuna dhambi. Tofauti ni njia: ile ya 2024 ilipita kamatini, ikasomwa, ikabishaniwa, ikapigiwa kura. Zile za 2025 zilitoka kwenye kalamu moja.

Na miezi 18 inawezekana. Falme za Kiarabu ziliunda mamlaka yao ya udhibiti kwa sheria ya mwaka 2009. Maombi ya kujenga kituo cha Barakah yaliwasilishwa Desemba 2010, na leseni ya ujenzi wa vinu viwili vya kwanza ikatoka Julai 2012. Hesabuni wenyewe, ni miezi 18 na siku kadhaa. Waliweza kwa sababu kinu kile kilikuwa nakala ya kile kilichokwisha kukaguliwa na kuanza kujengwa Korea Kusini, kwa hiyo wakaguzi walielekeza nguvu kwenye yale yaliyobadilika, kama joto la bahari ya Ghuba na vumbi la jangwani. Lakini sikilizeni kilichofuata. Kinu cha kwanza kilipangwa kuwashwa 2017. Mamlaka ileile iliyotoa kibali kwa miezi 18 ikakataa kutoa leseni ya kuendesha mpaka Februari 2020, kwa kuwa waendeshaji na taratibu zao hawakuwa tayari. Kinu kimesubiri miaka kupita tarehe yake, na riba ya mkopo inatembea. Mdhibiti alikuwa na ubavu wa kusema bado, na hakuna aliyemfukuza kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ukomo wa muda ni sehemu ndogo ya habari. Swali ni hili: muda ukiisha na mkaguzi hajaridhika, nini kinampata?

Tume ya Marekani ina makamishna watano. Kila mmoja anateuliwa kwa miaka mitano, vipindi vyao vimepishana, na wasizidi watatu wa chama kimoja. Sheria inasema Rais anaweza kumwondoa kamishna kwa uzembe, kutotimiza wajibu au utovu wa maadili kazini. Mwezi Juni 2025, wiki tatu tu baada ya zile amri, kamishna Christopher Hanson aliondolewa, na mwenyewe akasema hakupewa sababu. Kabla ya hapo, Februari, amri nyingine ilikuwa imezitaka taasisi huru zipeleke kanuni zao kubwa zikapitiwe na ofisi iliyo chini ya Ikulu kabla ya kutangazwa. Na amri ya Mei iliagiza ile kamati ya wataalamu wa usalama wa vinu, kamati iliyowekwa kisheria tangu 1957 ili iangalie kazi ya Tume kwa jicho la nje, ipunguzwe watumishi na majukumu hadi kiwango cha chini ambacho sheria inalazimisha.

Chukueni hatua moja moja, kila moja ina mtetezi wake mwenye hoja. Ziwekeni pamoja: saa ya ukutani, kalamu ya kufuta kazi, jicho la juu la Ikulu, na mashahidi wachache chumbani. Mkaguzi kijana anayekaa na michoro ya pampu saa tatu usiku anazijua zote nne. Hakuna haja ya mtu kumpigia simu.

Wamarekani wenyewe walikwisha kupita njia hii. Baada ya vita vya pili vya dunia waliunda Tume ya Nishati ya Atomiki iliyokuwa inahamasisha nyuklia na kuidhibiti kwa wakati mmoja. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Mwaka 1974 Bunge lao liliivunja: uhamasishaji ukapelekwa kwingine, udhibiti ukapewa Tume mpya iliyoanza kazi Januari 1975. Leo Wizara ya Nishati, yenye jukumu la kufikia lengo la vinu vitatu, ndiyo imepewa tena kuidhinisha vinu hivyo, na Tume imeagizwa kuharakisha muundo wowote ambao wizara hiyo au jeshi limekwisha kuujaribu. Kwa maoni yangu huko ni kurudi nyuma miaka 50, na sioni njia laini ya kulisema.

Mtu atauliza: huyo mkaguzi anatafuta nini hata achukue miaka? Niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu.

Kinu cha megawati 1,000 za umeme kinazalisha joto la megawati 3,000 hivi. Ukikizima, yaani ukishusha vijiti vya udhibiti na mwitikio mnyororo (kupasuka kwa atomi kunakojiendeleza) ukakoma, joto haliishi. Mabaki yaliyomo ndani ya fimbo za urani yanaendelea kutoa joto. Sekunde za kwanza ni takriban megawati 200. Baada ya saa moja ni 40 na kitu. Baada ya siku nzima bado ni 15 hivi. Mtambo wetu wa umeme wa gesi hapa Mtwara ulianza na megawati 18, kwa hiyo fikirieni mtambo ule wote unageuzwa kuwa jiko, umewekwa ndani ya pipa la chuma, na huwezi kuuzima. Kuuondoa moto huo kwa kuchemsha maji unahitaji tani 20 za maji kwa saa, sawa na maboza mawili ya lita 10,000 kila saa, usiku na mchana. Pampu zinazosukuma maji hayo zinataka umeme. Kinu kimezimwa, kwa hiyo umeme utoke kwenye gridi. Gridi ikianguka, utoke kwenye jenereta za dizeli. Jenereta zikikwama, betri, ambazo katika vinu vingi zinahesabiwa kwa saa chache.

Tarehe 11 Machi 2011, kule Fukushima, Japani, tetemeko lilipopiga vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima vizuri kabisa. Gridi ilianguka, jenereta zikawaka kama zilivyopangwa. Chini ya saa moja baadaye likaja wimbi la mita 14 hivi. Jenereta nyingi zilikuwa vyumba vya chini ya ardhi. Zikazama. Msanifu alikuwa amekadiria wimbi lisilofika mita 6, lakini mwaka 2008 kampuni iliyoendesha kituo hicho ilikuwa imepiga hesabu za ndani zilizoonyesha mita 15.7. Hesabu ilikuwepo, hatua haikuchukuliwa, na mdhibiti hakumlazimisha mtu. Kwa nini? Kwa sababu mdhibiti wa Japani wakati huo alikuwa idara ndani ya wizara ileile iliyokuwa inauza nyuklia kwa wananchi. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Bunge la Japani ilitoa ripoti Julai 2012 ikasema wazi kwamba yale yalikuwa maafa yaliyosababishwa na binadamu. Septemba mwaka huohuo wakaunda mamlaka mpya nje ya wizara hiyo.

Mfano mwingine nautaja kila ninapopata nafasi, kwa kuwa hapakuwa na wimbi wala tetemeko. Ni kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, Marekani. Juu ya chungu cha kinu kuna kifuniko cha chuma chenye unene wa sentimita 16 hivi, kilichotobolewa matundu ambamo mirija ya vijiti vya udhibiti inapita. Maji ya ndani yana asidi ya boriki, nayo yako kwenye mgandamizo wa takriban mara 150 ya hewa tunayovuta. Mwaka 2001, baada ya nyufa kuonekana kwenye mirija ya vituo vingine, Tume ya Udhibiti ilivitaka vituo vya aina hiyo vikaguliwe kabla ya 31 Desemba. Kampuni ya Davis-Besse iliomba iachwe mpaka mwisho wa Machi, wakati wake wa kawaida wa kubadili mafuta, yaani fimbo za urani, kwani kuzima mapema ni hasara. Watumishi wa Tume walikuwa wamekwisha kuandaa rasimu ya amri ya kuzima. Haikutumwa. Wakakubaliana kituo kizimwe katikati ya Februari.

Walipofungua, Machi 2002, walikuta asidi iliyokuwa ikivuja pole pole imekula chuma mpaka kufanya shimo la upana wa kiganja. Sentimita zote 16 zimeyeyuka. Kilichobaki kati ya maji yale ya moto na jumba la kinu ni bitana ya chuma cha pua, unene wake chini ya sentimita moja, na ilikuwa imeanza kuvimba. Dalili zilikuwepo muda mrefu: vichujio vya hewa ndani ya jumba vilikuwa vinaziba kwa unga wenye rangi ya kutu hata ikabidi vibadilishwe kila baada ya siku chache, na wakati wa kubadili mafuta mwaka 2000 michirizi myekundu ilikuwa imepigwa picha juu ya kifuniko. Kituo kilifungwa miaka miwili. Mkaguzi mkuu wa ndani wa Tume alichunguza akahitimisha kwamba uamuzi wa kusogeza tarehe ulitokana kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara.

Hiyo ni Tume huru, yenye sheria nzuri, bila amri yoyote ya Rais. Wiki sita na nusu tu za kuhurumiana.

Haraka inaharibu hata karatasi. Korea Kusini, ambayo kila mtu anaisifu kwa kujenga upesi, ilikuta mwaka 2013 kwamba nyaya za udhibiti zilizofungwa kwenye vinu vyake zilikuwa na vyeti vya kughushi. Waya wa namna hiyo unapaswa kupikwa kwanza kwenye mvuke, joto na mionzi, hali itakayokuwepo bomba kuu likipasuka, halafu upimwe kama bado unapitisha ishara. Zile nyaya hazikuwa zimefaulu, na cheti kilisema zimefaulu. Vinu vikazimwa, na vilivyokuwa vikijengwa vikang'olewa nyaya na kuvutwa upya. Waliogundua walianzia kwenye taarifa ya mtu wa ndani. Kwa hiyo mkiona sheria ya nyuklia isiyomlinda mtoa taarifa, ijueni ina tundu.

Wapo wanaosema urasimu wa leseni ndio unaofanya vinu viwe ghali. Tazameni kituo cha nyuklia cha Vogtle, jimbo la Georgia, Marekani. Maombi yaliwasilishwa Machi 2008, leseni ikatoka Februari 2012, chini ya miaka minne. Ujenzi ukamaliza miaka 11 kwa kinu cha kwanza na 12 kwa cha pili, na gharama zikatoka dola bilioni 14 hivi hadi zaidi ya bilioni 30. Michoro haikuwa imekamilika wakati ujenzi unaanza, vipande vilivyoundwa kiwandani vilifika na kasoro, mkandarasi mkuu, Westinghouse, akaomba kinga ya kufilisika 2017, na mwaka 2021 nyaya nyingi zikakutwa zimelazwa vibaya, ikabidi zirudiwe. Na kuna maombi ya kampuni ya Oklo, yaliyopelekwa Machi 2020 na kukataliwa Januari 2022. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwombaji hakuleta taarifa za kutosha kuhusu ajali zinazoweza kutokea na vifaa vya kuzizuia. Karatasi pungufu ukiiwekea ukomo wa miezi 18, mkaguzi anabaki na njia mbili: aikatae upesi, au aipitishe ikiwa pungufu. Nani anamlinda akichagua ile ya kwanza?

Turudi Afrika, nyumbani karibu zaidi. Afrika Kusini walitaka megawati 9,600 za nyuklia, kama mara tano ya kituo chao cha Koeberg. Serikali ya Rais Zuma ilisaini makubaliano na Urusi mwaka 2014, ikayapeleka bungeni mwaka uliofuata kwa kifungu cha katiba kinachotumika kwa mikataba ya kawaida ya kiutendaji, ambayo Bunge linaarifiwa tu, halipigi kura. Mashirika mawili ya kiraia yakaenda mahakamani. Tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape ilitamka kwamba makubaliano yale yalipaswa kupita kwenye kifungu kinachodai idhini ya Bunge, na kwamba maamuzi ya waziri ya kununua umeme ule, pamoja na ridhaa ya mdhibiti wa nishati, ni batili kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Hakuna jaji aliyesema nyuklia ni mbaya. Walichosema ni kwamba mlango uliotumika ulikuwa wa uani. Na majirani zetu wa Kilifi, Kenya, pale Uyombo, waliandamana 2024 wakilalamikia hilohilo, kwamba mahali pa kinu pamechaguliwa kabla ya kuulizwa.

Sikuja kusema kinu kinajengwa Mtwara au Lindi. Nimekuja kwa sababu kusini ndiko maamuzi makubwa ya nishati yanakofikia ardhi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Bomba la inchi 36 lilipita hapa, na mwaka 2013 mnakumbuka vurugu za gesi zilizotokea mji huu, na mnakumbuka kwamba maelezo mengi ya kina yalianza kutolewa baada ya moto kuwaka. Mwaka 2018 uamuzi wa kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 ulitangazwa kwa siku moja. Bei ilikuwa nzuri. Uhakiki na malipo vikachukua miezi, na kuna kaya humu zinajua miezi hiyo ilikuwaje. Na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, mkoa jirani wa Ruvuma. Urani ni wetu. Hatua ya kuanza kuzungumzia kinu haiko mbali kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo tutazame mizani yetu iko mkononi mwa nani. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Ina wataalamu makini, na kila mashine ya eksirei nchini inapita kwao. Lakini sheria inaipa kazi mbili: kudhibiti mionzi, na kuhamasisha teknolojia ya nyuklia kwa amani. Kwa mashine za eksirei na vipimo vya chakula bandarini mchanganyiko huo unavumilika. Kwa kinu cha umeme hauvumiliki. Mkataba wa kimataifa wa Usalama wa Nyuklia wa 1994, ibara ya 8, unadai kazi ya kudhibiti itengwe ipasavyo na kazi ya kuhamasisha. Siku serikali itakapoleta muswada wa umeme wa nyuklia, jambo la kwanza la kulitafuta humo ni utengano huo. Mkuu wa mamlaka ya udhibiti anateuliwa na nani, kwa miaka mingapi, anaondolewa kwa sababu zipi, na sababu hizo zinathibitishwa mbele ya nani? Bajeti yake inatoka wapi? Kama inapitia wizara ya nishati, basi anayetaka kinu ndiye anayeshika kibubu cha mkaguzi.

La pili ni namna muswada wenyewe unavyopita. Julai 2015 sheria tatu za mafuta na gesi zilipitishwa kwa hati ya dharura. Mwaka 2017 sheria za kulinda rasilimali zililetwa mwishoni mwa Juni kwa hati ya dharura, zikapita mwanzoni mwa Julai. Wengi wetu tuliunga mkono nia ya zile za 2017. Hata hivyo muswada wa kurasa nyingi ukisomwa kwa siku chache, kamati inasikiliza wadau wachache waliomudu nauli ya Dodoma, na diwani wa Nanyamba anausoma ukiwa sheria. Kinu kwa kawaida kinajengwa kwa miaka mitano au zaidi na kuendeshwa kwa miaka 60. Hakuna dharura humo. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Waambieni wabunge wenu wauangalie huo msemo wa mwisho, maana Afrika Kusini palipasukia hapohapo: mkataba uliovaa nguo ya makubaliano madogo.

La tatu ni mahali, na hapa nyinyi ndio wataalamu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kule Somanga, magari yakakaa siku kadhaa. Kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952, na Aprili 2019 Kenneth kilipita jirani tu, upande wa Msumbiji. Mkumbuke yale maboza mawili kwa saa. Mwenye mradi akija pwani yetu na kitabu cha tathmini ya mazingira, muulizeni dizeli ya jenereta inatosha siku ngapi barabara ikiwa imekatika pande zote mbili, jenereta zimewekwa mita ngapi juu ya maji kupwa na kujaa, na wimbi kubwa alilolihesabu ni la mwaka gani. Muulizeni na gridi pia: wahandisi hupendelea mashine moja isizidi asilimia 10 ya mfumo mzima, kwa hiyo mfumo wenye mahitaji ya megawati 2,000 haubebi kinu cha 1,000, kikizimika ghafla nchi nzima inaingia gizani na kinu chenyewe kinakosa umeme wa nje wa kujipoza. Akijibu kwa namba, andikeni namba. Akijibu kwamba wataalamu wameshalifanyia kazi, andikeni hivyohivyo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inawapa nafasi ya kutoa maoni kabla cheti hakijatolewa. Nafasi hiyo mara nyingi inaishia kwenye karatasi ya mahudhurio, yenye saini zenu na posho, halafu karatasi hiyo inakuwa ushahidi kwamba mmeridhia. Saini ya mahudhurio iandikwe juu yake kwamba ni ya mahudhurio. Maswali yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na majibu, mwenyekiti wa kijiji asaini na kugonga mhuri, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji kabla gari la mtafiti halijaondoka.

Nimemaliza ya kwangu. Karibuni maswali, na naomba tuanze na mama yule wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Davis-Besse.